Taarabu, Liwazo la Mzanzibari Aliyevunjika Moyo

Aliyefiwa ana taratibu za kumshika mkono: majirani huja matangani, khitma husomwa, chakula huletwa na watu ambao hakuwaomba, na siku zikishatimia hurudi sokoni watu wakampisha kwa upole, lakini aliyevunjwa moyo na nchi yake, ilhali nchi ipo mbele ya macho yake na yeye mwenyewe yumo ndani yake anakula na kulala, hana tanga la kuketi wala mtu wa kumpa pole, kwa kuwa jirani naye amefikwa na msiba ule ule, au, kama itokeavyo aghalabu kwetu Zanzibar, jirani ndiye aliyepiga vigelegele siku mwenziwe alipokuwa akibubujikwa na machozi. Huzuni ya namna hii haisemeki kwa urahisi. Ukiitamka barazani utaulizwa wewe ni wa chama gani. Ukiitamka ugenini utaonekana unaitangaza aibu ya kwenu. Basi hukaa kifuani ikageuka jakamoyo, na mwenye nayo huitafutia dawa pale atakapoipata. Mimi niliipata katika taarabu, nami nataka kueleza kwa urefu kidogo kwa nini naamini kwamba dawa ile ilikuwa mahali pake.

Kizazi chetu kilizoea kuahidiwa, na kwa insafu niseme kwamba si kila ahadi ilikuwa hadaa. Novemba 2009, Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume na kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana Ikulu wakakubaliana kuuzika uhasama uliorundikana tangu uchaguzi wa 1995, ukapita katika mauaji ya Januari 2001 yaliyogharimu roho za watu zaidi ya 30 na kuwavusha bahari Wazanzibari wapatao 2,000 kwenda kuwa wakimbizi Shimoni, pwani ya Kenya, walikuwapo wazee waliosujudu kwa kushukuru. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanaridhia serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66 ya waliopiga kura wakaridhia. Asiyekuwapo siku zile hawezi kujua utamu wake. Palikuwa na vijiji, na hasa Pemba, ambako watu walikuwa wamesusiana kwa miaka, huyu haingii duka la yule, huyu hafiki mazishini kwa yule, hata msikitini wakatafutana kwa macho kabla ya kusimama safu. Na watu hao hao wakaanza kuamkiana, wakahudhuriana maziko, wakaposeana watoto. Niliamini, na waliokuwa wakinizunguka waliamini, kwamba tumekwisha kuvuka.

Kisha likaja lile la Oktoba 2015. Watu walipiga kura Jumapili ya tarehe 25, kwa utulivu ambao waangalizi waliusifu, matokeo ya majimbo kadha yakatangazwa, na Jumatano ya tarehe 28 ikatangazwa kwamba uchaguzi mzima wa Zanzibar umefutwa, wa wawakilishi na wa Rais pia, ilhali kura za Jamhuri ya Muungano zilizopigwa na watu wale wale, katika vituo vile vile, siku ile ile, zikabaki kuwa halali. Uchaguzi ukarejewa tarehe 20 Machi 2016, na chama kikuu cha upinzani kikasusia. Sina haja ya kuwashitaki watu hapa, wala sikusudii kumgeuza msomaji itikadi yake. Ninachotaka afahamu ni kile kilichovunjika ndani ya mtu wa kawaida, ambaye hakuwahi kugombea cheo wala kula posho ya chama chochote, alipotambua kwamba kidole alichokichovya katika wino kilikuwa kimepoteza kazi yake.

Siasa peke yake haitoshi kumvunja mtu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama jirani na Nungwi ikiwa imepakia abiria mara kadha kuliko kiwango chake, na mpaka leo ziko familia zisizokuwa na kaburi la kuzuru; na kabla ya mwaka kutimia, Julai 2012, meli ya Skagit nayo ikazama. Hayo yalikuwa maafa ya uzembe, na uzembe huumiza kwa namna yake, kwa kuwa hauna adui wa kumlaani. Halafu mchana wa tarehe 25 Desemba 2020 ikaporomoka sehemu kubwa ya Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, likiwa katika ukarabati, ikaua mafundi wawili na kuangusha mnara wa saa ambao mabaharia waliutazama kutoka mbali kabla ya kuzitazama nyuso za watu. Miaka minane kabla yake sehemu ya varanda ilikuwa imekwisha kuanguka, kwa hiyo hapana awezaye kudai kwamba hatukuonywa. Siku ile mtu mzima mmoja, mtu wa vitendo asiyekuwa na kawaida ya kusema maneno makubwa, aliniambia pale Forodhani kwamba anaona haya kuwa Mzanzibari. Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa na haya hiyo hiyo.

Wenzetu wengi wamekwisha kuondoka. Wako Maskati, wako Dubai, wako London; wanatuma fedha, wanajenga nyumba ambazo watazilala wiki chache kila mwaka, na wakiulizwa watarudi lini husema inshallah kwa sauti ya mtu anayefunga mazungumzo. Siwalaumu. Wengine waliobaki wamejifunza kunyamaza, na wengine wamejifunza kupiga makofi, ambalo ni jambo zito zaidi ya kunyamaza. Mimi sikuwa na uwezo wa kwenda, wala sikuwa na kipaji cha kupiga makofi, na kimya kilikuwa kikinila. Nilianza kwenda kusikiliza mazoezi ya taarabu za klabu, zile za vyombo kamili, nikiwa mtu wa kuketi kando tu asiyejua kushika hata rika, ile tari ndogo, na huko ndiko nilikokuta kitu ambacho nilikuwa nimekitafuta katika chaguzi zote hizo.

Lakini kwanza niiseme asili ya taarabu bila ya kuipamba, kwa maana wapo wanaoipenda kwa sababu mbaya. Husimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Kairo akajifunze kupiga kanuni, chombo cha nyuzi, na aliporudi akawafundisha wengine. Basi ilianza kuwa starehe ya kasri, ikiimbwa kwa Kiarabu mbele ya watu wachache waliokaa juu ya mazulia, ilhali walio wengi, watumwa na watoto wa watumwa wakiwamo, waliisikia kutoka nje ya ukuta kama waliisikia kabisa. Mtu anayeikimbilia taarabu ili aote kwamba zamani ya masultani ilikuwa pepo hajaijua zamani hiyo, na hajaijua taarabu. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda Nadi Ikhwan Safaa, wakachangishana, wakaagiza vyombo Misri, wakajifundisha; na chama hicho, ambacho kingali hai, kimekuwapo kabla ya kila chama cha siasa kilichowahi kututaka kura, kabla ya Mapinduzi ya 1964, kabla ya Muungano, na kimepitia Waingereza, uhuru, upungufu wa chakula wa miaka ya sabini na vyama vingi. Naomba msomaji aipime hoja hii kwa utulivu. Katika visiwa ambamo kila taasisi tuliyoijenga imeporomoka au imenyakuliwa, ipo moja iliyojengwa na watu wa kawaida kwa michango yao, na imedumu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Tena yuko Siti binti Saad, ambaye siwezi kumpita kwa haraka. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika jamaa ya watu waliotoka utumwani, kazi yao kufinyanga, naye alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza akivinadi kwa sauti iliyowafanya watu wajue yuko wapi kabla hawajamwona. Alipohamia mjini hakuwa na nasaba ya kumtangulia wala elimu ya kumkinga. Sauti ndiyo iliyokuwa hati yake. Aliichukua taarabu kutoka katika Kiarabu cha wakubwa akaitia katika Kiswahili cha Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe, na mwaka 1928 yeye na wenziwe, Mbaruk na Subeit Ambar na Buda wakiwamo, wakavuka hadi Bombay kutia sauti zao katika sahani za santuri, sahani ambazo zilisikizwa pwani yote na bara ndani. Shaaban Robert hakumwona kuwa mdogo wa kuandikiwa wasifu. Na alichoimba hakikuwa mapenzi matupu. Katika wimbo wa Kijiti aliisimulia kesi iliyoutikisa mji: mwanamke mgeni kuuawa, mwuaji kuvuka bahari akatoweka, na waliotiwa hatiani kortini wakawa wanawake waliokuwa na yule mgeni, kwa sababu ya pombe iliyonunuliwa. Hapana gazeti la watu wa Ng'ambo lililokuwapo kuandika kwamba hakimu amekosa. Wimbo ulisema, na watu wakaukariri, na hukumu ile ikahukumiwa upya kila ilipoimbwa, mpaka leo.

Ndiyo maana wanaponiambia rafiki zangu, nao ni watu wenye akili, kwamba taarabu ni bangi ya kututuliza tusidai haki yetu, nawasikiliza, kisha nawauliza wameisikiliza taarabu gani. Ni kweli kwamba imewahi kuwasifu masultani, na baada ya 1964 ikawasifu viongozi, na hata leo vyama huikodi wakati wa kampeni ikaimba inayoambiwa. Sikatai. Chombo cha mtu aliye na njaa hukodishwa, na tusimlaumu mpiga fidla kwa jambo ambalo wahariri na masheikh pia wamelifanya. Walakini liwazo ninalolizungumza halimlazi mtu usingizi. Mara nyingi nimetoka mazoezini nikiwa na hasira iliyo safi zaidi kuliko ile niliyoingia nayo, imekwisha kuondokewa na chuki, nikaweza kumkabili mtu wa upande wa pili na kumwambia neno lililokuwa limenikaa.

Natamani kila mwanasiasa wetu angeketi kando ya mpiga kanuni anapotengeneza chombo chake. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti, na zile tatu zikipishana kwa kiasi cha unywele tu sikio hujua. Basi mpigaji huilaza mapajani, akachukua ufunguo, akaanza kukaza na kulegeza, uzi mmoja baada ya mwingine, na hali ya hewa yetu ya chumvi na unyevu hairuhusu kazi hiyo ifanywe leo ikatosha kesho. Wenzake humngoja. Hakuna anayemwambia kwamba inatosha ilivyo. Mzee wa fidla huulizia sauti yake kwa mpiga kanuni, udi ukaulizia, selo ikaulizia, na mpaka hapo hakuna wimbo uliokwisha kupigwa, lakini mimi huwa nimekwisha kufarijika, kwa kuwa naona watu wazima wakikubaliana juu ya kipimo kabla ya kuanza jambo, na kipimo hicho hakibadilishwi katikati kwa sababu kimemuudhi mkubwa.

Kisha hupigwa bashrafu, kipande cha ufunguzi kisichokuwa na mwimbaji. Katika taarabu yetu vyombo havigawani sauti kama wafanyavyo wanamuziki wa Ulaya, kila kundi na njia yake. Vyote hufuata wimbo mmoja, ukiwa katika maqam, yaani ngazi ya sauti, ya Rasti au Bayati au Hijazi, lakini kila chombo huupitia kwa nakshi yake, fidla zikaurefusha, kanuni ikaumwagia matone pale fidla zinapovuta pumzi, nai ikautia upepo, udi ukautia uzito, dumbak na rika vikaushika usipotee. Mtu anaweza kusikiliza miaka na asichoke, kwa sababu hapana namna mbili za kuupitia zinazofanana, na hapana hata mmoja anayetoka nje ya wimbo. Umoja tulioahidiwa mwaka 2010 nilidhani utakuwa wa namna hii. Haukuwa. Lakini nikiusikia pale najua kwamba kuutaka hakukuwa ndoto ya mjinga, maana wanaoufanya ni Wazanzibari hawa hawa, wakiwamo wawili ambao najua kwa yakini kwamba kura zao zimeuana katika kila uchaguzi, na ambao huketi bega kwa bega, mmoja akimfungulia mwenziwe ukurasa wa noti.

Amma maneno ya nyimbo, hayo ni bahari nyingine. Wengi huona ajabu kwamba mtu mwenye majonzi ya nchi aliwazwe na nyimbo za mahaba, ilhali kwa mtu wa pwani ajabu ingekuwa kinyume chake. Ushairi wetu umekaa karne nyingi ukisema jambo kwa kulipitisha katika jambo jingine. Anayelalamika kwamba mpenzi alimwapia kisha akamgeuka, kwamba alijenga nyumba akafukuzwa ndani yake, kwamba anamwona mtu baki akivaa nguo alizozishona yeye, huyo anazungumza na mpenzi wake, na wakati huo huo anazungumza na chochote ambacho msikilizaji amekuja nacho kifuani. Hapana polisi wa kuizuia tafsiri iliyomo ndani ya kichwa cha mtu. Wala halalamiki kwa matusi. Beti zina mizani na vina vyake, na machungu yanapolazimika kuingia katika mizani hujikuta yamepata adabu. Nchi haipewi talaka, na aliyevunjwa moyo nayo yuko katika hali ile ile ya mwimbaji, ambaye analaumu kwa sababu hajaacha kupenda. Angekuwa ameacha, asingehitaji kuimba.

Na msikilizaji naye ana njia ya kusema. Ubeti unapomgusa mtu, aghalabu mwanamke, huinuka kitini, akanyoosha kanga au buibui, akatembea kwa madaha mpaka mbele ya jukwaa, akamtunza mwimbaji noti mkononi huku mwili wake ukijibu ngoma, kisha akarudi. Na ukumbi mzima umekwisha kujua kwamba ubeti ule ni wake, ingawa kwa nini ni wake hapana atakayeuliza. Nimewahi kumwona bibi mmoja, ambaye mwanawe alikuwa katika waliopotea na Spice Islander, akiinuka katika wimbo uliomtaja msafiri asiyeleta habari. Ulikuwa wimbo wa mapenzi. Watu walimpisha, na mwimbaji akaurudia ubeti.

Hiyo ndiyo faraja yenyewe, na sitaki kuikuza kupita kiasi, kwa kuwa nayo ina majeraha yake. Taarabu za kisasa zenye kinanda cha umeme, zile za rusha roho, zina wapenzi wengi kuliko zetu na sizionei wivu. Zimewapa wanawake wa mitaani ulingo wa kujibizana bila ya kumung'unya maneno, na hilo lina thamani yake, ingawa mimi moyo wangu hautulii mahali ambapo hapana ukimya baina ya ubeti na ubeti. Linaloniuma zaidi ni mahotelini, ambako watu waliojifunza chombo kwa miongo huwekwa pembeni ya meza za samaki, wakaombwa wapunguze sauti wageni wapate kuongea. Dhow Countries Music Academy, chuo kilichofungua milango mwanzoni mwa karne hii katika jengo la forodha ya kale, kimefundisha vijana ambao wasingemwona mwalimu wa udi popote pengine, wasichana wakiwamo, na bado mwaka 2019 kikalazimika kupiga ukemi kwamba kitafungwa kwa kukosa fedha. Hata hivyo yapo ya kutia moyo: Bi Mariam Hamdani alipoasisi kikundi cha taarabu cha Tausi, wanawake wakashika wenyewe fidla na udi na kanuni baada ya karne nzima ya kuachiwa kuimba tu, hilo lilikuwa tukio kubwa kwa visiwa hivi kuliko mikutano mingi iliyopewa ukurasa wa mbele.

Sitarajii serikali yoyote, ya chama chochote, iniponye majonzi yangu, na nimeacha kuiomba. Naomba dogo zaidi. Fedha zitatafutwa za kulisimamisha tena Beit el-Ajaib, na ni haki zitafutwe. Ndani ya hesabu hiyo litengwe fungu la kuwalipa mishahara wapiga kanuni na udi waingie katika skuli za Unguja na Pemba, mara mbili kwa juma, wakafundishe watoto wa kila mtaa bila ya kuuliza baba zao wanavaa kofia ya rangi gani. Uzi wa kanuni unaagizwa, na chombo chenyewe kinaweza kununuliwa Kairo kama walivyonunua vijana wa 1905. Mwalimu haagizwi. Waliobaki ambao walijifunza kwa wale waliojifunza kwa Ikhwan wa mwanzo ni wazee, wengine macho yamekwisha kuwapungua, na bado hufika mazoezini kwa miguu. Wapewe darasa mwaka huu.